Nilichotia Kwenye Uji wa Mwanangu

Majina ya wote waliokuwapo hospitali siku ile ninayo kichwani, hata jina la baba wa yule mama msafishaji. Siyaandiki, sikuwaomba ruhusa.

Mwanangu wa mwisho alishikwa na uchungu tukiwa Magamba, tukamteremsha hospitali asubuhi. Uchungu ukaja, ukapoa. Tayari nilikuwa nimemtilia kwenye uji mizizi ya kuharakisha mtoto. Kwetu anayetoa dawa hiyo hasemi; akisema, inaisha nguvu. Hata mwanangu hakujua. Nesi aliponiuliza, "Bibi, ametumia dawa ya kienyeji?" nikasema hapana, macho chini.

Daktari akaagiza dripu ya kuongeza uchungu. Nesi akiwa anaitundika, mama msafishaji akaokota kikombe chetu cha uji akisuuze. Akakinusa. Akaninong'oneza kwa Kishambaa:

"Mama, hiki nini?"

"Uji."

"Uji gani unanuka hivi? Mimi nimezaliwa Mlalo, usinifanye mgeni."

Nikamshika mkono. "Usiseme, mwanangu."

"Nisiposema utazika."

Akaacha ndoo hapo hapo. "Sista, usifungue hiyo! Amekunywa mizizi."

Nilidhani ataambiwa arudi kwenye ndoo yake. Nesi hakumwambia hivyo. Aliweka dripu chini, akampigia simu daktari, akarudi kusikiliza tumbo la mwanangu. Daktari alipofika alimuuliza msafishaji kwanza.

"Unaijua?"

"Naijua, daktari. Inakaza tumbo kutwa nzima."

"Na mapigo ya mtoto yanashuka," nesi akasema. "Tungeongeza dripu, kizazi kingepasuka."

"Basi tunampasua sasa hivi."

Mtu wa dawa ya usingizi akaja mbio. "Bibi, uji kaunywa saa ngapi?"

Safari hii nilisema kweli. "Saa mbili asubuhi."

Wakamsukuma mwanangu ndani, mlango ukafungwa. Nilikaa sakafuni. Nikasikia mtoto analia, lakini sauti ya mama yake sikuisikia, na hakuna aliyetoka.

Nesi akatoka, kofia imelowa jasho. "Wapo wote wawili, Bibi."

Kesho yake mwanangu aliuliza ilikuwaje. Nesi akanitazama, msafishaji naye akanitazama. Waliniachia mimi. Nikamwambia yote.

Akasema, "Mama, ungeniuliza," akamgeuza mtoto upande wa ukutani, mbali nami.