Mama Alizikwa Nikiwa Darasani

Naitwa Bakari. Kwetu ni kijijini, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mikindani. Haya sijawahi kuyasema mbele ya watu, kwa sababu ugonjwa wangu haukuwa na kidonda cha kuonyesha.

Nilikuwa shule ya kati, nalala bwenini. Miaka ile bandari ya Mtwara ilikuwa inajengwa, na kila mzazi alitaka mwanawe awe karani. Hesabu nilizipenda. Mwalimu Nandonde akiwa bado anaandika ubaoni, mimi nimeshapata jibu. Nilikuwa wa kwanza, na mama aliwatangazia hata wapita njia.

Nikiwa darasa la saba nilirudi likizo, nikamkuta baba barazani peke yake. Nikamwamkia, nikauliza, "Mama yuko wapi?"

Shangazi ndiye aliyetoka ndani akasema, "Mama yako alifariki kabla ya mtihani wako. Baba yako alikataza usiambiwe, masomo yasije yakaharibika."

Tanga la msiba lilikuwa limeshaanuliwa, nguo zake zimeshagawiwa. Hakuna aliyekuwa analia tena, kwa hiyo na mimi sikulia.

Shule ilipofunguliwa nikaanza kuugua. Ugali nautafuna, haumezeki. Kaptura ikanipwaya, nikaifunga kwa kamba. Mwili ukawa mzito hata ndoo ya kuogea ikanishinda, nikaacha kuoga. Nikaanza kukojoa kitandani, kijana nimeshabalehe, wenzangu wakasogeza vitanda vyao mbali. Nikifungua kitabu nasoma mstari mmoja mpaka kengele inalia, na sijui nimesoma nini.

Matokeo ya muhula ule yalipobandikwa, nilikuwa wa mwisho.

"Uvivu huu umeutoa wapi?" Mwalimu Nandonde aliniuliza, akanichapa. Sikusikia maumivu, nikaogopa.

Dresa, mhudumu wa zahanati, akanitoboa kidole, akapima damu. "Huna malaria wala safura. Mzima huyu." Neno lile lilinivunja kabisa. Kama huu ndio uzima, nikawaza, basi nilale nisiamke.

Siku Mwalimu aliponiita tena mbele, nikamwambia, "Nichape tu, Mwalimu. Mimi nataka kufa."

Mwalimu akaiweka fimbo mezani. Siku ileile akanipakia kwenye baiskeli yake, akanipeleka nyumbani mwenyewe.

Mjomba alisema ni pepo. Nikafukizwa, nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya. Siwezi kusema hayakusaidia kitu, maana angalau watu walinikalia karibu. Lakini uzito ulibaki palepale.

Mwalimu alikuwa amemwambia baba kabla ya kuondoka, "Mzee, huyu si mvivu. Kuna kitu kimemkaa moyoni." Kwa hiyo asubuhi moja baba akaniuliza, "Mwanangu, kimekukaa nini?"

Nikasema, "Mama alikufaje?"

Akainamisha kichwa. Akanieleza: homa, na mimba changa ikatoka, na damu haikukatika. "Alikuwa akiniuliza, 'Bakari amekuja?' Nikamwambia yuko njiani. Nilimdanganya, Bakari. Sikuwa nimekuita."

Sikuwahi kumwona baba akilia. Alipolia, na mimi nikalia, mpaka nikatapika. Kisha akanishika mkono, tukaenda kaburini.

Sikupona siku ile. Nilikaa nyumbani msimu mzima wa korosho. Kila asubuhi baba aliniamsha, twende shamba. Kuna siku niliokota, kuna siku nilikaa tu nikimwangalia, naye hakunisema. Mwalimu akaniombea nafasi, nikarudia darasa pamoja na watoto waliokuwa nyuma yangu. Wa kwanza sikuwa tena. Darasa la nane nilifaulu kwa kuponea chupuchupu. Na hata ukubwani hali ile imenirudia mara kadhaa. Nikiiona inakuja, namwambia mke wangu mapema.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mwalimu, na baba, Mungu amrehemu, kwa kukubali kuniambia ukweli ingawa ulimuumiza.

Wazazi, msimfiche mtoto msiba wake. Mtoto akishuka ghafla darasani, mwulizeni kwanza, na akinyamaza msimwache, kaeni naye. Na wewe kijana unayeumwa hivi, usingoje mpaka ujue jina la ugonjwa. Mtafute mtu mzima umwambie. Asipokusikia, nenda kwa mwingine. Utapona. Polepole, lakini utapona.