Programu Isiyolalamika

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Bi Nukta, kwa kuwa haachii ukurasa mpaka ahakikishe kila nukta iko mahali pake. Miaka kumi na tisa alipanga kurasa, na hofu zake zilikuwa za kawaida: mkato uliopotea, kichwa cha habari kilichopinda. Hofu ya wiki ile ilikuwa nyingine kabisa.

Ilianza Jumatatu. Wafanyakazi walikuwa wakiandika maandishi kwenye kihariri cha kompyuta, wakibonyeza kitufe, na programu iliyo nyuma yake ikiyageuza kuwa ukurasa wa kuchapwa. Programu za kazi hiyo zilikuwa mbili. Ya zamani waliiita Mama Mkwe, maana haikosi la kulalamikia: ikikuta alama isiyoijua inagoma, na kazi inalala hapo hapo. Mpya ilitoa herufi nzuri na haikugoma hata siku moja.

"Chagua wewe," meneja alimwambia siku hiyo. "Utakayoiweka ndiyo itakayofanya kazi kila mtu akibonyeza. Hawa wenzako hata tofauti hawaijui."

Bi Nukta akaichagua mpya. Tuseme ukweli, alikuwa amechoka kugombana na Mama Mkwe.

Alhamisi asubuhi mdogo wake akampigia simu. Mwanawe alikuwa na homa, ndiyo kwanza wametoka zahanati.

"Dada, hii kadi ya dawa si mmeichapa nyinyi? Imeandikwa kijiko, basi. Mbona mara ile nesi aliniambia nusu?"

"Umeshampa?"

"Bado, ndiyo nakuuliza."

"Usimpe kitu! Rudi kwa nesi akuandikie kwa mkono wake."

Aliifungua kazi ile. Kwenye maandishi palikuwa na "kijiko ½". Kwenye ukurasa alama ya nusu haikuwapo. Aina ya herufi waliyotumia haikuwa nayo, na programu mpya, badala ya kugoma, iliiruka ikaendelea na safari. Onyo lilikuwapo, mstari mmoja kati ya mistari mia nne isiyosomwa na mtu. Na ukurasa ule aliupitisha yeye mwenyewe; haukulalamika, naye akauamini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sasa mshindo huo ulikuwa kifuani mwake.

Kadi mia tatu zilikuwa zimepelekwa zahanati tangu jana.

"Nyamaza, dada," mchapaji alimnong'oneza. "Rekebisha, nachapa nyingine, tunabadilisha taratibu. Nani atajua?"

Aliogopa kufukuzwa, aliogopa sana. Ana wawili shuleni na hana wa kumsaidia. Lakini kila akifumba macho alikiona kijiko kimejaa, kikielekea kwenye kinywa cha mtoto asiyemjua. Akaenda kwa meneja.

"Mimi ndiye niliyechagua, na mimi ndiye niliyepitisha," alisema. "Nifukuze baadaye. Kwanza pigia zahanati."

Meneja alipiga. Hadi jioni zilikuwa zimerudi kadi mia mbili themanini na tisa. Kumi na moja zilikuwa zimeshachukuliwa na wazazi, ya mdogo wake ikiwa mojawapo. Nesi aliwapigia wale kumi wengine mmoja baada ya mwingine, nao wanane wakapokea, watoto wao wazima.

Bi Nukta aliirudisha Mama Mkwe kwenye kompyuta zote sita. Kisha akaomba namba za wale wawili ambao hawakupokea, akaanza kuzipiga mwenyewe. Ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Akaipiga tena.