Niliwapa Pole Watu Wote wa Wete

Kisiwa Panza, nilikozaliwa, walisema mambo mawili juu yangu: kwamba chuo sitakimaliza, na kwamba hata nikikimaliza sitadumu kwenye kazi ya dawa, kwa sababu sina kifua cha kuweka siri. La pili alilisema shangazi yangu, Bi Time, mbele ya watu: "Kombo akimwona jirani kanunua kibua, ikifika adhuhuri kisiwa kizima chajua kibua kile kilikuwa na mayai."

Nilikopa nauli na ada kwa watu saba, Bi Time mwenyewe akiwamo, nikapanda chombo Wete kwenda Tanga, na baada ya miaka mitatu nikarudi na diploma ya uchanganyaji dawa na utunzaji wa majalada. Kusini yote ya Pemba hapakuwa na mtu mwingine mwenye karatasi kama ile. Niliitia kioo kabla sijanunua kitanda.

Siku ya kwanza kazini niliichukua kwapani. Daktari, Mgoa mfupi aliyekuwa na zahanati yake karibu na soko la Wete, hakuitazama. Alinipa ufunguo mmoja.

"Jina la mgonjwa liko kwenye jalada," alisema. "Jalada liko kabatini. Ufunguo uko mfukoni mwako. Ukitoka mlango ule, hujui nani mgonjwa wala nani mzima. Likikutoka neno moja, unanirudishia ufunguo."

Nyinyi vijana siku hizi mnapewa kitabu kizima juu ya siri ya mgonjwa, mnatia saini kila ukurasa. Sisi tulipewa ufunguo. Mengine niliyatunga mwenyewe, na nalisema hili bila kuona haya. Nilikuta wagonjwa wakiitwa majina kwa sauti. Nikachonga vibao vya namba. Nilikuta dawa za maji zikitiwa katika chupa walizokuja nazo watu kutoka majumbani, na mji ulikwisha kujua kuzisoma rangi: nyekundu ni kikohozi, nyeupe ni tumbo, na mwenye ya zambarau hakuna aliyemtazama usoni. Nikaanza kuzifunga chupa zote kwa magazeti. Daktari akasema, "Vizuri." Hakuwa msemaji, na neno lile nalihesabu kuwa diploma yangu ya pili.

Basi ningedhani vipi kwamba atakayekosea ni mimi, tena kwa adabu?

Palikuwa na mzee mmoja ambaye nitamwita Mzee Shaame. Kina Shaame wote wa Pemba wasijitafute, kwani majina ya watu wa Wete humu ni ya kuazima. Alikuwa amefiwa na mkewe, ameshaposa mwingine, na harusi ilikuwa mwezi ujao. Alikuja kwetu, akatibiwa. Alitibiwa nini, msisubiri, sitasema.

Kesho yake nilipita kwenye baraza ya kahawa, yeye kakaa katikati ya wenzake. Sasa niambieni: mtu umemwona jana akiugulia, leo umpite bila ya kumpa pole? Mama yangu angenikana. Nikasalimu, kisha nikasema, "Pole sana, Mzee Shaame."

Naye, kwa adabu ile ile, alijibu kabla hajafikiri: "Nishapoa, mwanangu."

Vikombe vilisimama hewani. Mmoja akauliza pole ya nini, Mzee Shaame akasema alijikwaa. Lakini mimi nilikuwa na koti langu jeupe, maana nililivaa hata sokoni, na watu wakajumlisha. Ilipofika alasiri Mzee Shaame alikuwa na maradhi manne. Ilipofika magharibi yalikuwa sita, mawili kati yake ya wanawake.

Mchumba wake alikuwa na kaka, Mzee Faki, mwenye duka la kanga sokoni. Huyu, niliyemwita ami kwa umri wake tu, ndiye aliyekuwa mdai wangu mkubwa; nusu ya ada yangu ilitoka kwake. Alikuja dirishani petu pa kutolea dawa, akainama.

"Dada yangu aolewa na mtu au na maradhi? Niambie, na lile deni nalifuta. Usiponiambia, nalitaka lote msimu huu wa karafuu, na Ijumaa tunarejesha mahari."

"Ami, siwezi."

"Basi sema tu kuwa si kitu kikubwa."

Hapo ndipo diploma ilipofanya kazi. Nikisema leo kwamba la huyu si kubwa, kesho nikinyamaza juu ya mwingine, mji utajua kwamba lake ni kubwa. Kunyamaza hakufai kitu mpaka kuwe sawa kwa wote. Nikamwambia sina neno. Akaenda zake akihesabu siku kwa vidole.

Nilimweleza daktari kila kitu. Alinyoosha kiganja, akingoja ufunguo.

"Nipe mpaka Ijumaa," nikamwomba.

"Neno limetoka. Utalirudishaje?"

"Kulirudisha siwezi. Lakini dawa ikizidi ukali, si tunaitia maji?"

Akakirudisha kiganja mfukoni.

Alhamisi asubuhi nilivaa koti langu, nikaingia mjini. Nilimpa pole mnadi wa samaki. Nilimpa pole askari, naye akaitazama miguu yake yote miwili. Nilimpa pole muadhini, akajibu "Nishapoa" na ndipo akaanza kufikiri. Mama muuza mandazi aliniuliza kama nimeona kitu usoni kwake. Mtu mmoja alikuwa akimpeleka ng'ombe wake kwenye mchezo wa ng'ombe. Nikawapa pole wote wawili, akanishukuru kwa niaba ya ng'ombe.

Kisha nikaingia dukani kwa Mzee Faki. Duka lilijaa wanawake.

"Sabalkheri, ami. Pole sana."

Mkasi ulimwanguka. "Pole ya nini? Mimi sijafika kwenu hata siku moja."

Wanawake wakaacha kuchagua kanga.

"Waambie," alisema Mzee Faki. "Waambie kuwa sijafika."

"Ami yangu, siwezi kusema nani kafika na nani hajafika."

"Basi sema tu kuwa mimi mzima."

"Hilo pia, ami."

Bibi mmoja aliirudisha kanga mezani kwa ncha za vidole. Mzee Faki akatoka hadi barabarani, akawatangazia watu kwamba pole ya mtoto huyu haina maana, kwamba ampa kila mtu, kampa hata ng'ombe. Na watu wakakubali, maana kila mmoja alikuwa nayo yake. Pale kwenye kahawa mtu akauliza: kama ya Faki haina maana, ya Shaame ina maana gani? Ijumaa mahari hayakurejeshwa. Kwenye harusi nilikula sahani mbili za pilau, na ufunguo ulibaki kwangu mpaka nilipostaafu. Sikuacha kuwapa pole watu wote wa Wete. Wageni kutoka Unguja walidhani mji una msiba.

Vijana huniuliza siri ya kazi ni nini. Nawaambia kuficha la mgonjwa ni nusu tu. Nusu ya pili ni kuficha la mzima.

Deni Mzee Faki hakulifuta. Msimu ule, mimi mwenye diploma, nilichuma karafuu za watu alfajiri kabla ya kufungua dirisha, nikaweka fedha nilizopata pamoja na mshahara, na siku moja nikazunguka kuwalipa wote saba. Mzee Faki alizipokea zake, akaufunga mlango wa duka nusu.

"Sasa sikudai?"

"Hunidai, ami."

Akachungulia nje, akashusha sauti. "Lile dirisha lenu lafunguliwa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Imeandikwa mlangoni, kwa kila mtu."

Kama alikuja, kama hakuja, mimi sina habari.

Wa mwisho alikuwa Bi Time. Nilivuka hadi Kisiwa Panza jua likiwa limeanza kupoa. Alizihesabu fedha zake mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya kanga, kisha akanisogelea.

"Yule Shaame, mwanangu. Alikuwa na nini hasa?"

"Pole sana, shangazi," nikamwambia.

"Nishapoa," akajibu. Kisha akanitazama toka viatu mpaka kofia.

"Kombo," alisema, "kumbe kifua unacho."