Majibu Yangu Kwenye Droo ya Shemeji

Siku uvumilivu uliponiishia nilikuwa zahanati ya kijijini kwetu, Butiama, mtoto wa miezi mitano mgongoni, macho yangu ya njano. Tabibu wa pale ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Alivuta droo atafute kalamu, nikaona bahasha niliyomletea kutoka Bunda miezi miwili nyuma. Gundi haijaguswa.

"Shemeji, hujaisoma?"

"Si nilishakwambia ni vidonda vya tumbo? Picha ya nini tena?"

Mwenyewe ndiye aliyenituma Bunda nikapigwe altrasaundi, baada ya kumsumbua sana. Njiani sikuifungua. Juu waliandika "Kwa daktari", na kwetu barua ya daktari mgonjwa haifungui. Nimemaliza kidato cha nne, nikaibeba hivyohivyo.

Kila jioni mama mkwe alikuwaga ananipa supu ya kongoro na samli, ili maziwa yatoke. Haipiti saa, maumivu yananishika chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani, natapika.

"Wazazi wa siku hizi mnadeka," shemeji alikuwa anasema, ananiongezea vidonge vya vidonda.

Siku hiyo bahasha niliichana mbele yake, nikasoma. Mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Hospitali ya Musoma, daktari wa upasuaji alinichorea kwenye karatasi. Chini ya ini kuna kifuko kinachotunza nyongo. Ukila mafuta, kinajibana na kuimwaga kwenye utumbo. Jiwe likikwama mlangoni, ndiyo yale maumivu. Langu moja lilishateremka, likaziba mrija unaotoka kwenye ini. Ndiyo ile njano. Akasema mimba huwa inachangia. Ningechelewa zaidi, mtoto angebaki yatima.

Walinipasua, wakatoa kifuko na lile jiwe la mrijani. Mwanangu akanyweshwa maziwa ya kopo, mimi nikamsikia analia nje ya wodi.

Mama mkwe alikuja kitandani. "Huyo shemeji yako ni ndugu, mwanangu. Haya tunayamalizia nyumbani."

"Mama, angekuwa mgeni ningeshaenda kuuliza kwingine. Nilikaa kimya kwa sababu ni ndugu."

Alikunja kanga za mtoto.

Mshono ukiwa bado unavuta, nilipeleka barua ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Niliandika kwamba mtumishi huyu alipokea majibu ya kipimo changu, hakuyasoma, akaendelea kunitibu ugonjwa nisiokuwa nao. Kwamba ni shemeji yangu. Na kwamba naomba achunguzwe kama mtumishi mwingine yeyote. Nikasaini jina langu kamili. Karani wa masjala akaigonga muhuri.