Nilifunga batri ya lithiamu kupunguza uzito wa Kapanzi, nikabebeshwa Shangazi Feza

Wakuu, salamu kutoka Kasongo. Wewe unayesoma, vuta kiti, chomeka simu kwenye chaji kama umeme upo, unisikilize taratibu. Ninachosimulia kilitokea huku kwetu, kusini mwa Maniema, Kongo. Mke wangu amekisoma kabla sijakiweka hapa na amefuta sentensi moja tu. Zilizobaki amekubali kwamba ni kweli.

Kisa ni batri ya lithiamu kwenye gari la mashindano. Msiojua magari msiondoke, nitaeleza kila kitu.

Mimi ni fundi wa magari na pikipiki. Nina gari dogo la zamani, naliita Kapanzi, kwa sababu likiwaka huwa linaruka kwanza ndipo litembee. Kaka mkubwa wa mke wangu, shemeji Kabemba, ni mfanyabiashara wa Kabambare. Ana pikapu nyeupe yenye nguvu nyingi na kelele nyingi, kama mwenyewe.

Basi, mdogo wao wa mwisho, Furaha, akapata mchumba wa hapa mjini. Bibi harusi angetoka Lusangi, kwa mama mkwe, aletwe Kasongo.

Swali likawa moja: nani atambeba?

Kabemba akasema pikapu yake ndiyo gari, langu ni kopo la maziwa lenye magurudumu. Mimi nikasema bibi harusi si gunia la mihogo, hapandishwi kwenye pikapu. Tulitaniana hivyo kila tulipokutana mpaka mama mkwe akachoka. Akatoa hukumu: nendeni mkashindane pale kwenye hangari ya zamani ya pamba, mlizunguke ghala hilo mara tatu. Atakayetangulia atambeba Furaha mbele ya msafara. Atakayeshindwa atabeba masufuria na mbuzi, nyuma kabisa, kwenye vumbi.

Anayejua vumbi la kiangazi la barabara ya Lusangi anaelewa adhabu hiyo.

Mke wangu alikuwa ameshashonesha nguo yake. Usiku ule aliniambia, "Mi sitakaa na mbuzi. Umesikia?"

Nilisikia.

Sasa wakuu, hapa naomba utulivu kidogo, nieleze.

Kapanzi hana nguvu. Injini yake ni ndogo na sikuwa na uwezo wa kuibadilisha. Gari lisilo na nguvu utalisaidiaje? Unalipunguzia mzigo. Nikatoa kiti cha nyuma, tairi la akiba, zulia, spika. Nikabaki naangalia batri.

Batri ya kawaida, ile ya risasi na asidi, ni nzito kama bidoni la mafuta ya mawese. Na kwenye Kapanzi imekaa puani kabisa, mbele ya magurudumu. Uzito ukikaa puani, gari linakuwa na ubishi kwenye kona: wewe unakata usukani, pua inataka kuendelea moja kwa moja. Ndiyo maana wenzetu wa magari ya track, yale ya mashindano ya kuzunguka, wakimaliza kutoa viti, hukimbilia batri. Wanafunga ya lithiamu, ile aina yenye fosfeti ya chuma, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini. Inasukuma starter vizuri tu, lakini unaibeba kwa mkono mmoja kama kuku.

Binamu yangu wa Bukavu akanitafutia moja. Ikafika kwa pikipiki, imefungwa ndani ya gunia la nguo. Mwenye pikipiki aliponikabidhi alinionea huruma. Alidhani wametoa kitu njiani wakaacha sanduku.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza, kwa sababu ya desturi yetu.

Huku, batri hainunuliwi kwa kusoma maandishi. Inanyanyuliwa. Mtu anachuchumaa, anaikumbatia, anainua. Ikimuuma mgongo, ni nzuri. Ikiwa nyepesi, ni ya uongo, ndani hamna kitu. Na kwa batri za zamani si ujinga hata kidogo, maana risasi ni nzito kweli na matapeli huipunguza.

Mkuu wa desturi hiyo ni Papa Asumani, mzee anayechaji batri za watu sokoni. Akainyanyua yangu. Akaigeuza juu chini akitafuta vifuniko vya kutilia maji. Havipo. Akaiweka chini polepole, kama anayelaza mgonjwa.

"Mutoto wangu," akaniambia, "hii iko kisanduku. Bado kuku iko na uzito kushinda hii."

Gereji nzima ikanipa pole.

Wakuu, ningeweza kueleza. Kueleza ndiyo tabia yangu, hata mke wangu analalamika. Lakini siku ile shetani wa utani alinishika shavu. Nikaona kwamba habari hizi zitafika Kabambare, na Kabemba atalala usingizi mzuri. Nikainamisha kichwa. Nikasema ni kweli, wameniibia.

Habari zikafika. Kabemba akanipigia simu kunifariji, akicheka katikati ya kila neno. Kwa furaha aliyokuwa nayo hakugusa pikapu yake. Akaja siku ya mashindano ikiwa na tairi mbili za akiba na chuma chote cha kubebea mizigo. Nikasema moyoni, asante.

Ila mke wangu sikumwambia. Hilo ndilo kosa.

Tulikuwa Lusangi. Watu wamejaa kando ya hangari, njia imewekewa alama kwa migomba iliyokatwa. Mimi nakunywa chai kwa mama mkwe, nimetulia. Mke wangu akaja ananong'ona kwa furaha kwamba nisihofu tena. Alikuwa amemwomba Papa Asumani aje na batri nzito ya kweli. Imeshafungwa. Na kwa wema wake, mzee anajaribu kuokoa hata kile kisanduku: anakitoboa mashimo ili akitie maji ya batri.

Kikombe sijui nilikiweka wapi.

Nyuma ya jiko nikamkuta Papa Asumani amechuchumaa. Msumari mrefu ulikuwa ndani ya makaa, umekuwa mwekundu kama pilipili. Na aliyebana batri yangu kati ya magoti, ili mzee atoboe vizuri, ni nani? Shemeji Kabemba.

"Njoo ushike huku," akaniita. "Sitaki waseme nilishinda mutu wa kuibiwa. Tunaitia maji kidogo."

Nisaidieni kuiona picha ile. Ndani ya batri ya lithiamu kuna karatasi nyembamba za chuma zilizokunjwa pamoja, zisizotakiwa kugusana. Msumari ukipita katikati, zinagusana. Umeme wote unataka kutoka mara moja, unageuka joto, moshi mbaya, na pengine moto. Aina hii ni tulivu kuliko ile ya simu, lakini huwezi kuichoma kwa chuma chenye moto ukategemea utulivu wake. Na yote hayo yangetokea kati ya magoti ya kaka wa bibi harusi.

Nikapiga kelele waache. Mzee akasimamisha msumari hewani.

Ilibidi niseme yote pale pale, mbele ya wakwe, nikiwa bado nina mkate mdomoni. Kwamba kisanduku kimejaa. Kwamba nilijua tangu mwanzo.

Hakuna aliyeniamini. Nikakibeba mpaka kwenye Kapanzi, nikatoa ile nzito, nikafunga yangu, nikageuza ufunguo. Kapanzi akawaka mara moja na kuruka kama kawaida yake. Papa Asumani akazunguka gari akitafuta batri nyingine niliyoificha.

Kabemba hakushangaa muda mrefu. Nilimwona anahesabu kimoyomoyo: kiti hakuna, zulia hakuna, batri ya uzito wa kuku, na pole zote alizonipa kwenye simu.

"Sawa, shemeji," akasema. "Gari yako iko mwepesi sana. Wacha tuirudishie uzito kidogo."

Akageuka akamwita Shangazi Feza.

Shangazi Feza ni dada wa marehemu baba yao. Ni mama mwenye mwili, na ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo. Kabemba akapendekeza kwamba, kwa uongo niliosema, nimbebe shangazi mizunguko yote mitatu. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kwake hiyo ilikuwa sheria.

Shangazi akauliza jambo moja tu: gari atakalopanda likishindwa, siku ya harusi yeye atakaa wapi? Kabemba akamjibu, kwa adabu, kwamba atakaa humo humo alimo, pamoja na masufuria. Shangazi akafunga kitenge chake vizuri. Akaingia. Kapanzi akashuka upande wa kulia kama mtu anayechota maji.

Tukaondoka.

Nitasema ukweli wa kifundi: kwenye kona, pua ilitii. Kila tulipozunguka hangari nilimkaribia Kabemba, kwa sababu pikapu ilikuwa inapanuka nje na mimi nakata ndani. Lakini tukifika kwenye nyoofu, nguvu yake na uzito wa abiria wangu vinanirudisha nyuma. Mzunguko wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Wa tatu tukaingia nyuma ya hangari, sehemu nyembamba, yeye mbele amekaa katikati ya njia, mimi nakula vumbi lake. Nikaanza kumfikiria mke wangu na mbuzi.

Shangazi akashusha kioo. Akatoa kichwa na mkono mmoja nje, akaita kwa sauti ya msibani:

"Kabemba! Mutoto wa kaka yangu! Natapika! Simama!"

Wakuu, ninyi wenye mashangazi mnaelewa. Hakuna mashindano duniani yatakayomfanya mtu wa huku apite na vumbi lake juu ya dada wa baba yake anayetapika. Taa nyekundu za pikapu zikawaka. Kabemba akasogea kando, akafungua mlango.

Mimi nami mguu ukawa unakwenda kwenye breki. Shangazi akanipiga kofi gotini.

"Wewe unasimama kwa nani? Kanyaga."

Nilikanyaga.

Tulipovuka alama ya mwisho, Kabemba akafika nyuma yetu, ametoka mbio kwa miguu, kikombe cha maji mkononi. Akamkuta shangazi anamenya karanga.

"Shangazi, si ulikuwa unatapika?"

"Ilirudi chini."

Alidai mashindano yarudiwe. Mama mkwe akamwuliza kama anataka kusema mbele ya watu kwamba shangazi yake ni mwongo. Hakutaka. Siku ya harusi Furaha alikaa nyuma ya Kapanzi pamoja na mke wangu, kiti nimekirudisha. Kwenye kile cha mbele alikaa Shangazi Feza, aliyesema amekipata kwa jasho lake. Kwenye kioo nilikuwa nikiiona pikapu ikitokea na kupotea ndani ya vumbi, mbuzi wakilalamika. Hivi sasa Kabemba ananisumbua nimtafutie batri kama ile.

Nimejifunza nini? Kwamba batri nyepesi husaidia kweli kwenye kona, lakini haishindi injini yenye nguvu, na haimshindi shangazi. Unayetaka kujaribu, usiogope, ni kazi ndogo. Pima kwanza alternata yako, ile inayochaji batri: injini ikiwa inanguruma, volti zisizidi zile zilizoandikwa kwenye batri. Usiichaji kwa chaja za zamani za sokoni, tafuta ya lithiamu. Ifunge imara, mbali na joto la ekzosi. Usiache redio ikiimba injini imezimwa, maana akiba yake ni ndogo. Ndani kuna saketi ya ulinzi, batri ikiishiwa chaji inajifungia, utadhani imekufa.

Na usiwadanganye watu wema. Watakuja kukusaidia.

Waliowahi kufunga za aina hii, hata kwenye pikipiki, semeni hapa chini zimekaaje. Wenye mashangazi pia karibuni.

Ila kabla hujaandika, ukiwa nayo tayari, chukua kalamu ya wino mzito na uandike juu ya batri yako, kwa lugha inayosomwa mtaani kwako: IMEJAA. USITOBOE. USITIE MAJI.