Ngao ya Pedro Yaotl

Yaotl, yaani adui, ni jina alilopewa na bibi yake kwa kuwa alizaliwa wakati watu wa Tlaxcala walipochoma mashamba ya mji wao wa Huexotzinco, yeye na bibi. Alilibeba bila taabu mpaka ukubwani. Mapadri walipofika, wakawabatiza wanaume wa mtaa asubuhi moja, na wengi wakatoka kanisani wakiitwa Pedro. Yeye jina jipya alilipenda. Akawa mpiga kengele wa kanisa, na mtu akimwita Yaotl njiani alijifanya kiziwi.

Ikaja hesabu ya walipa kodi, ambayo majina yake yaliandikwa kwa picha. Mchoraji alikuwa Cuixtli, kaka wa mkewe. Aliketi mkekani uani, akachora kichwa cha Pedro, na juu yake ufunguo, maana Mtakatifu Petro ndiye mshika funguo.

"Sasa ngao na rungu, alama ya Yaotl," alisema, akichovya kalamu.

"Ufunguo unatosha, shemeji."

"Mtaa huu una funguo nyingi kuliko milango. Nitawatofautishaje?"

"Shauri yako. Ngao ni mambo ya mashetani, na mimi nalala jirani na padri."

"Unalala jirani na mimi," alisema mkewe, Teicuh, akigeuza mikate ya mahindi.

Cuixtli akaacha ufunguo peke yake.

Wakati wa mavuno, Pedro mwingine, ambaye naye alikataa jina la zamani, alitoroka kodi. Askari wakaja na karatasi, wakaona kichwa na ufunguo mtupu, wakamkamata mpiga kengele.

Alifikishwa kwa hakimu, padri akiwa ameketi pembeni. Cuixtli naye aliitwa.

"Huyu ni Pedro yupi?" hakimu aliuliza kupitia mkalimani.

"Mwulizeni mwenyewe," alisema Cuixtli.

Mpiga kengele alitazama miguu yake. Aliona haya, na aliogopa.

"Yaotl," alinong'ona.

Mkalimani hakusikia.

"Naitwa Yaotl. Mtaa mzima unanijua hivyo."

Padri alikuwa akifukuza nzi. Cuixtli akavuta mstari mwembamba kutoka kwenye kile kichwa cha karatasini, akachora ngao na rungu. Shemeji yake akafunguliwa.

Aliendelea kupiga kengele kwa miaka mingi. Tauni ilipomchukua, mchoraji mwingine alipaka weusi uso wake kwenye karatasi ya kodi, kama wapakwavyo wafu, na kando yake akamchora Teicuh akiwa na machozi, alama ya ujane.