Kiti Kando ya Deki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi mmoja wa video mjini Mpanda, Meneja alinionyesha kiti kabla ya kunionyesha mashine. "Deki ikirekodi, wewe upo hapa," alisema. "Hata chai utaletewa." Ilikuwa miaka ya tisini. Nyumba zenye televisheni zilikuwa chache, na watu walijaa ukumbini kutazama mpira niliorekodi kutoka kwenye dishi, hata kama matokeo walishayasikia redioni.

Vijana wanaobonyeza rimoti leo wajue kazi ilivyokuwa. Kwanza nilisafisha kichwa cha deki, kile kinachosoma kanda, kwa kitambaa chenye spiriti. Matangazo yakija nilisimamisha, yakiisha niliachia. Kanda ikikaribia kuisha, nyingine nilikuwa nayo mkononi. Mwisho nilivunja kijino cha plastiki mgongoni mwa kanda, mtu asirekodi juu yake. Lakini kanda mpya zilikuwa adimu kwetu, kwa hiyo wengi waliziba tundu kwa karatasi na kufuta walichotaka.

Mwenzangu Yohana alikuwa mpiga video. Yeye alibeba kamera begani akaenda Sibwesa, Kabungu, hadi Ugalla, kwenye harusi na sherehe za kanisani. Alirudi na vumbi, hadithi, na mara nyingi nyama kwenye mfuko.

"Mama Stazia, bado umekaa tu?" alinitania. "Hicho kiti kitaota mizizi!"

Nilicheka, lakini wivu ulinichoma.

Kisha Meneja akaleta deki mpya yenye saa. Unaipangia muda, inaanza kurekodi yenyewe. Nilifurahi kuliko mwenye mali. Binti yangu Anastazia, aliyekuwa akilelewa na mama yangu kule Kabungu, alikuwa anakaribia kupata kipaimara, nami nilimwahidi kwamba nitakaa benchi la mbele. Jumapili hiyohiyo kulikuwa na fainali ya mpira. Nilimwonyesha Meneja jinsi nitakavyopanga saa kabla ya kuondoka.

"Na umeme ukikatika?" aliuliza.

"Ukirudi, inapangwa tena."

"Nani ataipanga, Mama Stazia? Ukikatika kidogo tu, saa ya kitu hiki inasahau kila kitu, inabaki kupepesa sifuri. Kaa na deki. Yohana anakwenda hukohuko, atakuletea yote."

Nilikaa. Umeme haukukatika.

Kesho yake Yohana alileta kanda niitolee nakala. "Stazia kapendeza, nyie!" alisema. "Na bibi yake kapika, nimekula mpaka nikalegeza mkanda."

Niliitazama. Anastazia alikuwa kwenye mstari wa kumwendea askofu, gauni jeupe, mikono imefumbwa. Kila mlango wa kanisa ulipolia, aligeuza shingo. Yohana alimvuta karibu kwa kamera, kwa hiyo niliona vizuri macho yake yakitafuta mlangoni, kisha yakirudi mbele. Nilimwonea Yohana wivu kuliko siku zote, kwa sababu yeye alisimama pale. Nakala niliyojitengenezea ilikuwa na rangi iliyofifia, maana kanda kila ikinakiliwa hupungua. Leo inaonyesha chengachenga tu.

Nimestaafu, naishi kwa Anastazia. Sebuleni ana king'amuzi kinachorekodi kwenye diski yake ya ndani, bila kanda. Hakirudishwi nyuma, unachagua kipande unachotaka na kinafunguka. Kinarekodi stesheni moja huku mnatazama nyingine. Umeme ukikatika na kurudi, kinachukua saa kutoka kwenye setilaiti na kuendelea na kazi kiliyopangiwa. Nakala yake haipungui chochote. Najua sifa zake kuliko wenye nyumba, kwa sababu nimekichunguza kama mtu anayemchunguza mke mwenza.

Mjukuu wangu alipopata kipaimara, mechi kubwa iliangukia siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeshavaa, lakini miguu ilinipeleka mbele ya televisheni.

"Mama, twende, tutachelewa," alisema Anastazia.

"Na mpira?"

"Kinajirekodi chenyewe, mama." Alibonyeza, akachukua mkoba wake, akatoka bila kukitazama tena.

Kanisani tulikaa benchi la mbele. Mlango wa nyuma ulilia mara nyingi, watu wakichelewa kama kawaida. Mjukuu wangu alimwendea askofu taratibu, na hakugeuza shingo hata mara moja.